Usiache kwaya, dada

Pole sana kwa msiba, dada. Unauliza kama uache kwaya kwa sababu tangu mama afariki, ukisali unahisi unaongea na dari. Usiache. Yule baba wa mtoto mwenye pepo, Marko 9:24, alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na Yesu hakumfukuza, alimponya mwanawe. Zaburi 88 nayo inaishia gizani, na bado ni sala.

Baba yangu alipofariki nilikaa miezi benchi la nyuma, kitabu cha tenzi kimefunguka mkononi, mdomo nimefumba. Mama mmoja wa jumuiya alikuwa akiniinamia, ananiimbia taratibu sikioni. Mwambie mwalimu wa kwaya ukweli, kisha kaa nao hata kama sauti haitoki.