Bernstein hakuwadharau watoto wa maskini

Dada, umeuliza kama Basil Bernstein alisema lugha ya watoto wa maskini ni duni. Hapana, ingawa wengi walimsoma hivyo. Mwanasosholojia huyu Mwingereza (1924–2000) aliwahi kufundisha vijana wafanyakazi London miaka ya 1950, akaona vijana wenye akili wanakwama kwenye masomo. Akataka kujua sababu, akaiona katika aina ya usemi.

Chukua mama na mwanawe wanaochambua korosho Newala, kusini mwa Tanzania. "Hiyo bado, rudisha pale. Ile sawa." Wanaelewana kabisa, maana rundo liko mbele yao. Lakini mtihani wa shule unataka usemi anaoweza kuuelewa hata asiyeliona rundo: "Korosho ambazo hazijakauka zirudishwe juani." Akili ni ile ile, ila shule imejengwa juu ya usemi huu wa pili, na mtoto aliyeuzoea nyumbani anaingia darasani ametangulia. Kwetu mzigo ni mkubwa zaidi: Kimakonde nyumbani, Kiswahili shule ya msingi, Kiingereza sekondari.

Mwaka 1970 Bernstein aliandika waziwazi katika makala kwamba elimu haiwezi kufidia kasoro za jamii. Anza na makala hiyo, vitabu vyake vingine ni vizito mno.