Barua kwa Mwanangu Aliye Katika Arobaini

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tanga. Sote tu wazima, na babu yake mtoto haachi kuomba picha mpya kila jioni.

Barua yako nimeisoma kwa utulivu. Unasema mama mkwe wako amekuja kukulea uzazi hapo Moshi, na anataka ukandwe tumbo kwa maji ya moto, tena mtoto alambishwe maji yenye sukari kidogo kwa kuwa analia usiku; mkunga aliyekuzalisha alikukataza yote mawili, nawe unaniuliza umfuate nani bila kumvunjia mzee heshima. Nimeifanya kazi ya ukunga hadi kustaafu, na nimelelewa katika mila hizo hizo, kwa hiyo nakujibu kwa pande zote mbili: katika mambo hayo mawili mfuate mkunga, na katika mengine karibu yote mfuate mama mkwe wako.

Nianze na kukandwa. Wazee wetu walihofia kwamba damu ikibaki tumboni itaoza, na hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, maana wazazi wengi walikufa kwa homa ya uzazi. Hata hivyo, mji wa mimba hujisafisha wenyewe. Mara tu baada ya kujifungua ulikuwa usawa wa kitovu chako, mgumu na wa mviringo; tangu hapo hushuka kila siku kwa kadiri ya upana wa kidole kimoja, na baada ya wiki mbili hivi hutaupata tena ukipapasa juu ya mfupa wa kinena. Kinachousukuma urudi ni homoni inayotoka mtoto anaponyonya, ndiyo maana tumbo hukukata pale anapoanza kunyonya. Maumivu hayo ni kazi inayofanyika, na hupungua siku chache tu baada ya kujifungua. Taulo lililochovywa katika maji yaliyotoka jikoni haliongezi chochote katika kazi hiyo. Nimewahi kumfunga dawa mzazi ambaye ngozi ya tumbo ilikuwa imebabuka kutoka kitovuni hadi nyonga, na waliomkanda walikuwa wanampenda kweli. Wewe una nyuzi za kushonwa pia: oga maji ya uvuguvugu, jioshe kwa maji safi kila utokapo chooni, jikaushe taratibu, ubadili pedi mara kwa mara. Mkaja, yaani kitambaa cha kufunga tumbo, unaweza kuufunga ukikupa raha, ila usikazwe hadi ukubane pumzi.

Kuhusu maji ya sukari, hapa sitalegeza neno. Maziwa yako yana maji yote anayohitaji mtoto, hata huku kwetu kwenye joto la pwani, na hivyo ndivyo itakavyokuwa hadi atimize miezi sita. Tumbo lake ni dogo mno. Ukilijaza maji hatanyonya, na asiponyonya, matiti nayo yatapunguza kutengeneza, kwa kuwa hutoa kadiri yanavyonyonywa. Maji yasiyo salama humharisha, na yakizidi huipunguza chumvi ya damu yake hadi anaweza kupata degedege. Asali ni vivyo hivyo: asiionje kabla ya mwaka mmoja.

Analia usiku kwa sababu ana njaa, au amelowa, au anakutafuta. Mtoto wa umri wake hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, usiku ukiwemo, na wengi hunyonya mfululizo hasa jioni. Kabla hujasema maziwa hayatoshi, mtazame anavyoshika titi. Kinywa kiwe wazi sana, mdomo wa chini umebinuka nje, kidevu kimegusa titi, na duara jeusi la titi lionekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Akishika chuchu peke yake, itachubuka na yeye hatashiba. Mtoe kwa kuingiza kidole chako kisafi pembeni mwa kinywa, umweke upya. Kisha hesabu nepi: tangu siku ya tano, akilowesha sita au zaidi kwa siku na mkojo ukiwa wa rangi hafifu, anapata maziwa ya kutosha. Uzito hupungua kidogo siku za mwanzo na kurudi ndani ya wiki mbili hivi, kwa hiyo kadi ya kliniki itamjibu kila mwenye shaka.

Kitovu kiacheni kikavu, nepi ikunjwe chini yake. Majivu, mafuta ya kula wala mate visiguse hapo.

Sasa haki ya mama mkwe wako. Mtori wake wa ndizi na nyama kula bila kusita, na supu na maziwa, kwa kuwa mwili uliopoteza damu na unaonyonyesha unadai chakula kuliko ulivyodai wakati wa mimba. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa usiviache kwa sababu umeshiba. Kukaa ndani, kutoteka maji, kutoshika ufagio, kuwa na mtu mzima kando yako usiku: hayo ni mambo ya hekima ambayo wanawake wengi mijini wameyakosa, na ninamshukuru sana kwa kukupa. Mumeo ndiye azungumze naye juu ya maji ya moto na sukari, kwa kuwa ni mama yake, naye amwombe badala yake amshike mtoto mchana ili wewe ulale. Huko kuna baridi. Akiona mtoto amepoa, amrudishe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, mfunikwe pamoja.

Ninachokiogopa katika arobaini ni kwamba macho yote huelekea kwa mtoto, na mzazi akisema anaumwa huambiwa ni uzazi tu. Damu yako inapaswa kufifia, kutoka nyekundu hadi hudhurungi kisha nyeupe ya manjano. Ikirudi kuwa nyingi hadi kulowesha pedi ndani ya saa moja, ikinuka vibaya, ukipata homa, kichwa kuuma vikali pamoja na kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama arobaini haijaisha na hata kama ni usiku wa manane. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mzazi hata baada ya kujifungua. Mtoto naye apelekwe mara moja akikataa kunyonya, akihema kwa kasi au kifua kikibonyea, akiwa na joto au baridi isiyo ya kawaida, au viganja na nyayo zikiwa za manjano. Msimwanike juani mkingoja ipungue.

Umeandika pia kwamba unalia bila sababu. Machozi ya siku za mwanzo huwapata wazazi wengi na hupita ndani ya wiki mbili. Yakiendelea, ukikosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, au likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru yeye, mwambie mumeo na mkunga siku hiyo hiyo, na mimi nipigie saa yoyote. Huo ni ugonjwa, nao unatibika.

Katika wiki ya sita mtoto ana chanjo; siku hiyo nawe upimwe, na uulize habari za uzazi wa mpango kabla hujarudia tendo la ndoa na mumeo. Kabla ya hapo, kadi ya kliniki, nauli na namba ya dereva viwekwe pamoja mahali ambapo mumeo na mama yake wote wanapajua. Msomee mumeo leo hii aya ile ya dalili za hatari, kisha unijulishe damu imefikia rangi gani.

Mama yako akupendaye