Muulize Bibi Nesi: Likizo ziwani na watoto wa Arusha

SWALI: Shikamoo Bibi Nesi. Shule zikifunga Desemba tunakwenda Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, kwa wakwe, wiki tatu. Watoto wana miaka 5 na 9, wamezaliwa hapa Arusha na hawajawahi kufika kwa babu yao. Naogopa matumbo, nimeshanunua Flagyl. Mume wangu ananicheka, eti yeye amekulia ziwani na hajafa. Nibebe nini kingine?
Mama Wawili, Sakina

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo Flagyl iache. Mtoto anayeharisha hatari yake ni kuishiwa maji mwilini, kwa hiyo beba ORS, ule unga wa kukoroga wa kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki. Soma pakiti kabla ya kukoroga: nyingi ni za lita moja, lakini zipo za nusu lita. Ukiona damu chooni, au kila anachokunywa anakitapika, kituo cha afya mara moja. Tumbo nimemaliza, maana si hilo linalonitia wasiwasi.

Wasiwasi wangu ni ziwa. Mkishuka bandarini Nansio wanao watawaona wenzao wanapiga mbizi, na mashati yatavuliwa kabla hujahesabu mabegi. Kichocho cha kule ni kile cha tumbo. Konokono wadogo wa majini humwaga vijidudu, hasa jua likiwa kali, navyo hupenya ngozi nzima isiyo na hata mkwaruzo, kwa dakika chache tu. Si lazima mtu anywe maji. Mwambie baba watoto kwamba hao waliokulia ziwani ndio niliokuwa nawapokea wodini wakitapika damu, bandama imevimba, watu wazima wenye nguvu zao. Kichocho hakina haraka.

Waogeshe kwa maji ya bomba. Yakiwa ya ziwa, yachemshe, au yakae siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko. Kujifuta haraka kwa taulo husaidia kidogo, usilitegemee.

Halafu malaria. Watoto waliokulia kwenye baridi ya Arusha miili yao haijaizoea. Beba vyandarua vyenu vyenye dawa. Vya ukweni vinawatosha wenyewe, na kimoja utakikuta kimezungushiwa vifaranga. Chandarua kikichomekwa chini ya godoro kabla ya giza, umefanya kazi kubwa.

Sasa sikiliza hapa. Mbu akimng'ata mtoto usiku wa mwisho, homa haitakuja kwenye basi. Mara nyingi huja baada ya siku 7 hadi 15, wakati mwingine zaidi, mko nyumbani Sakina, shule zimefunguliwa na darasa zima lina mafua. Ukimpa Panadol na kusubiri kesho, unacheza. Nenda apimwe siku hiyo hiyo, na ukiingia kwa daktari sema mwenyewe, hata asipouliza: "Tumetoka Ukerewe."

Na kama wameogelea (wataogelea, nawajua watoto), usikimbilie dawa ya kichocho wiki mliyorudi. Vile vijidudu mwilini hukua kuwa minyoo, na dawa yake, praziquantel, haiwezi minyoo michanga. Subiri wiki 6 hadi 8, ndipo uwapeleke wapimwe na kupewa dozi kwa kilo zao. Mkirudi mwanzoni mwa Januari, hiyo ni kuanzia katikati ya Februari. Wakiumwa kabla ya hapo, homa au kuharisha damu, usingoje tarehe. Na baba yao apimwe siku hiyo hiyo, foleni ni ileile.