Skripti yako, yaani programu fupi inayotafuta badala yako, imeingia kwenye tovuti kwa nywila. Je, bado imo ndani?

Kazi yangu hapa Nairobi ni kutafutia watu makala za utafiti. Naletewa orodha ya maneno, nayapitisha moja baada ya jingine kwenye hifadhidata za kulipia, kila moja na nywila yake. Orodha fupi mkono unaimudu. Ikifika mamia, afadhali skripti. Wanaoniuliza kuhusu skripti hizi hudhani ugumu uko kwenye kutafuta. Uko mlangoni: kuingia, na kubaki ndani.

HTTP, utaratibu ambao kivinjari na seva huwasiliana nao, haina kumbukumbu, kila ombi huifikia seva kama la mgeni. Ni kama majengo ya ofisi ya Upper Hill: askari anachukua kitambulisho, anakupa beji, na bila beji hiyo unarudishwa chini hata kama alikuona sasa hivi. Beji yako hapa ni kuki (cookie), kipande kidogo cha data unachopewa na seva. Kwenye lugha ya Python, maktaba ya requests, inayotuma maombi hayo, ina kitu kiitwacho Session kinachozitunza. Ingia kwa hicho, tafuta kwa hichohicho.

Kabla ya kuandika lolote, fungua kivinjari, bonyeza F12, nenda sehemu ya Network, kisha uingie kwa mkono na kutazama kinachotumwa. Mara nyingi jina na nywila haviendi peke yavyo. Kuna msimbo uliofichwa ndani ya fomu; kwenye tovuti zilizojengwa kwa Django huitwa csrfmiddlewaretoken, na usipourudisha unapigwa 403, yaani umekataliwa. Kwa hiyo skripti isome kwanza ukurasa wa kuingilia, ichukue msimbo, ndipo itume. Ukiwa na bahati utaona matokeo yanakuja kama JSON, yaani data iliyopangwa tayari, na kuchambua HTML ya ukurasa kote umekuepuka. Selenium na Playwright, zinazoendesha kivinjari kizima, nazitumia pale tu JavaScript inaponilazimisha, maana zinakula RAM vibaya.

Sasa mtego wenyewe. Muda wa kuki ukiisha, tovuti nyingi hazikuambii 401, yaani hujaingia. Zinakuelekeza kwenye ukurasa wa kuingilia, requests inafuata yenyewe, na unapokea 200, alama ya mafanikio, kana kwamba mambo ni shwari. Skripti haioni matokeo, inaandika sufuri, inaendelea na neno linalofuata. Asubuhi una faili safi kabisa linalodai hakuna binadamu aliyewahi kuandika kuhusu malaria Kisumu! Dawa yake: katika kila jibu, tafuta kitu kinachoonekana ukiwa ndani tu, kwa mfano kiungo cha kutoka. Kikikosekana, skripti isimame au iingie upya. Mimi pia huchomeka katikati ya orodha neno ambalo najua lina matokeo. Likirudi tupu, sufuri zote zilizolizunguka siziamini.

Nywila usiiandike ndani ya skripti, hasa kama faili litafika GitHub, ambako wengine wanaweza kuliona. Tumia getpass ya Python, inayokuuliza nywila skripti inapoanza. Ukikutana na captcha, lile jaribio la kuthibitisha kuwa wewe ni binadamu, ishia hapo. Mwenye tovuti ameshasema hataki roboti.

Na uulize kwanza. Mikataba mingi ya hifadhidata hizi inakataza upakuaji wa kiotomatiki, na mchapishaji akikasirika anaweza kufunga anwani za IP za chuo kizima, si akaunti yako tu. Mkutubi ndiye atakayepokea lawama, basi ajue mapema. Kenya ina sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inayogusa kuingia kwenye mifumo bila idhini, kwa hiyo ruhusa iwe ya maandishi. Huenda hata ukaambiwa kuna API, yaani mlango rasmi wa programu. PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, kwa mfano, haitaki nywila kwa utafutaji: inakuruhusu maombi 3 kwa sekunde, au 10 ukiwa na ufunguo wao. Kwingineko mimi hungoja sekunde kadhaa kati ya ombi na ombi, na nikiona 429, yaani maombi yamezidi, nasoma Retry-After, muda ambao seva inaniambia ningoje, na kutii.

Mwisho, hifadhi kila jibu papo hapo, pamoja na neno lililolileta. Stima ikipotea usiku, skripti itaendelea pale ilipoachia.