Mei, masika na Google: habari zipi za SEO zinakuhusu?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Nina nyumba ya wageni Shela, Lamu, na tovuti ya kurasa ishirini hivi. Kijana aliyeitengeneza hunitumia habari za SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane juu kwenye Google, kwenye WhatsApp karibu kila siku: leo Google imebadilisha hiki, kesho SEO imekufa. Mwezi wa Mei waliofungua tovuti walipungua, karibu nusu ya wale wa Februari. Yeye asema ni sasisho la Google na ataka shilingi 40,000 arekebishe. Sina muda wa kusoma yote hayo. Nifuate habari zipi, na nitajuaje kama zinanihusu?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Kabla ya Google, tutazame kalenda. Februari ni kaskazi, bahari imetulia na wageni wamejaa. Mei ni masika, kusi inavuma, na wenye hoteli huko Shela wengine hufunga milango wakapaka chokaa. Tovuti ya nyumba ya wageni ya Shela isiyoshuka Mei ndiyo ingenitia wasiwasi.

Kwa hiyo usilinganishe Mei na Februari. Linganisha Mei na Mei ya mwaka jana. Ingia Search Console, huduma ya Google ya kumwonyesha mwenye tovuti anavyopatikana kwenye matokeo; ni ya bure na hutunza takwimu za miezi 16, kwa hiyo Mei iliyopita bado imo. Kama kijana wako hajakupa ruhusa ya kuingia, hilo ndilo la kwanza kumdai. Chagua kulinganisha tarehe, kisha tazama namba tatu: tovuti imeonyeshwa mara ngapi, imebofywa mara ngapi, na wastani wa nafasi yake kwenye matokeo.

Namba hizo zisome pamoja. Kuonyeshwa kukipungua na nafasi ikabaki palepale, basi watu hawakutafuta. Hiyo ni masika, au ni soko lenyewe, na hakuna fundi wa kulirekebisha. Nafasi ikiporomoka, tuseme kutoka ya 4 hadi ya 15, kwa maneno kama "nyumba ya wageni Shela", hapo kweli kuna jambo na tutafute sasisho. Na ikiwa unaonyeshwa kama zamani, nafasi ni ileile, lakini mibofyo imepungua, huenda msomaji anapata jibu juu ya ukurasa bila kushuka mpaka kwako. Google ilianza kuweka majibu ya akili unde juu ya matokeo nchini Marekani Mei 2024, kisha ikayasambaza nchi nyingine. Angalia pia kama ni utafutaji wa jina la nyumba yako ulioshuka au ule wa jumla. Anayeandika jina lako amekwisha kukujua, na huyo si wa kupatwa na SEO.

Ukiona ni nafasi iliyoanguka, fungua dashibodi ya Google ya hali ya utafutaji, status.search.google.com. Ipo tangu Desemba 2022. Kila sasisho linalotangazwa huandikwa pale siku lilipoanza na siku lilipokwisha. Mwaka 2024 mzima masasisho makuu, yale ya kubadilisha namna matokeo yanavyopangwa, yalikuwa 4, na ya kupambana na taka, yaani kurasa za hila, 3. Saba kwa mwaka! Sasa hesabu jumbe za WhatsApp ulizopokea.

Hayo mengine ni nini, basi? Mengi ni mazungumzo. Mwandishi Barry Schwartz ameendesha tovuti ya habari za SEO, Search Engine Roundtable, tangu 2003 na huandika karibu kila siku; akiripoti kwamba matokeo "yametikisika", mara nyingi anakusanya malalamiko ya wenye tovuti na grafu za programu za kupima matokeo yanavyobadilika. Ni kazi nzuri, mimi humsoma kila asubuhi, lakini mimi hiyo ndiyo riziki yangu. Kwako ni kama mazungumzo ya barazani Mkunguni kuhusu bei ya samaki: yana ukweli ndani yake, ila huendi kununua tanga jipya kwa sababu yake.

Haraka yenyewe ilishanigharimu. Tarehe 5 Machi 2024 Google ilianza sasisho kuu. Mteja wangu mmoja hapa Malindi, mwenye mashua za kupeleka wageni kutazama matumbawe, aliniona nimelala. Ilikuwa Ramadhani, usiku mmoja baada ya tarawehe nikakaa nikabadilisha vichwa vya kurasa zake zote, 26. Sasisho lile likaendelea mpaka tarehe 19 Aprili, siku 45. Tovuti ikapanda, ikashuka, ikashuka tena, na masika yakaingia. Mpaka leo sijui kipi kilikuwa cha Google, kipi changu na kipi cha mvua. Google wenyewe hushauri usubiri angalau wiki moja baada ya sasisho kwisha ndipo ulinganishe, na ulinganishe na wiki ya kabla halijaanza. Tangu hapo nina daftari la karatasi: tarehe, ukurasa, nilichogusa.

Habari ya kukuumiza kweli mara nyingi haina kelele. Machi 2024 hiyohiyo, Google ilifunga tovuti za bure zilizotengenezwa kupitia wasifu wa biashara, ule unaotokea kwenye ramani ya Google, zile zenye anwani ya business.site. Mpaka tarehe 10 Juni anwani hizo zilimpeleka mtu kwenye wasifu, kisha zikafa. Wataalamu hawakuizungumza sana kwa kuwa haikuwa algoriti, yaani kanuni za kupanga matokeo. Lakini huku pwani wenye vyumba viwili vitatu walikuwa na anwani hizo tu, na nimeona bango la gatini likiendelea kumwelekeza mgeni kwenye ukurasa usiokuwepo. Habari yenye tarehe ya kufungwa kitu unachotumia, isome siku hiyohiyo. Hutangazwa kwenye barua pepe ya akaunti yako, zile unazozifuta bila kufungua.

Kwako wewe, dashibodi mara moja kwa mwezi, na Google Search Central, blogu ya Google kwa wenye tovuti, ukiona kichwa kinachogusa biashara yako. Ukitaka mchambuzi, tovuti ya habari za SEO, Search Engine Land, ina jarida la barua pepe. Soma vichwa tu.

Ama hizo 40,000: mwambie aandike jina la sasisho, tarehe zake, na kurasa gani zimeanguka nafasi. Akikuletea orodha ya maneno muhimu ya kuficha kwenye msimbo, Google ilisema tangu 2009 kwamba haiyatumii kupanga matokeo. Akikuletea msimbo wa maswali na majibu ili yatokee chini ya jina lako, Agosti 2023 Google iliyaondolea tovuti za kawaida, ikayabakizia zile mashuhuri za serikali na afya. Lakini usimfukuze. Kama picha zako za darini huchelewa kufunguka kwa simu yenye bando dogo, hiyo ni kazi halali. Mlipe azipunguze uzito kabla kaskazi haijarudi.