Daftari la madeni la mdogo wangu

Habari za kazi mhariri, na wasomaji wenzangu wote nawasalimu. Wiki hii mmeuliza, kama ulifiwa na mtu wa familia akiwa bado kijana, unamkumbuka kwa kitu gani. Hilo swali nimelisoma nikiwa kwenye daladala ikabidi nishuke kabla ya kituo changu, machozi yalikuwa yananitoka mbele za watu.

Mi namkumbuka mdogo wangu, kitinda mimba wetu, kwa daftari la madeni. Alizaliwa 2000 akafariki Julai 2019. Sisi ni wa Mwanza, mama anauza dagaa na sato wa kukaanga nje ya nyumba. Dogo alikuwa na sikoseli, selimundu kama wanavoita redioni, kwahiyo shule alikuwa anaenda wiki mbili analala wiki moja, na akipata nafuu ndo anakaa mezani na mama, kavaa sweta hata jua likiwaka, chupa ya maji pembeni, manake baridi na kukaukiwa maji ndo vilikuwa vinamuamshia maumivu.

Kwa ambao hayajawafika, zile chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu ule wa kukatia nyasi, zinakwama kwenye mishipa, hapo ndo mtu analia mifupa usiku kucha. Na hazidumu, za mtu mwenye afya zinaishi kama siku 120, zake yeye siku 10 mpaka 20 zishakufa, ndo maana macho yalikuwa ya njano na watoto wa mtaani walimpa jina ambalo siliandiki hapa. Ila kilichoniuma zaidi ni ndugu, tena msibani, eti ugonjwa umetoka upande wa mama. Sio kweli jamani. Ili mtoto aumwe lazima apewe na baba na mama wote wawili, na kama wote wamebeba tu bila kuumwa, kila mimba ina asilimia 25 ya mtoto kuumwa. Mama alibebeshwa peke yake miaka 19 kitu walichokibeba wawili, na baba kimya. Hilo bado sijalisamehe.

Sasa daftari. Mama kuandika sio sana, dogo ndo alikuwa karani wake. Wateja wengi hakuwajua majina, na kumuuliza jina mtu anayekopa aliona kama unamdhalilisha, basi akawa anawaandika vile anavowaona. “Mama kitenge cha kasuku, 1,500.” “Fundi baiskeli anayeimba, 2,000.” “Bibi mwenye haraka, 700.” Halafu kuna ukurasa katikati ya madeni kaandika kwa kalamu nyekundu, “18 nimefika.” Manake tangu yuko mdogo watu walikuwa wanasema mbele yake mtoto wa sikoseli hafikishi 18, kumbe alikuwa anasikia na anahesabu.

Ile Julai upepo wa ziwa ulikuwa mkali asubuhi, kifua kikambana, siku ya tatu akatutoka. Sitaki kuandika mengi hapo.

Siku ya pili ya msiba akaja mama mmoja, akamshika mama mkono akasema mwanao ananidai 1,500. Mi nikanyanyuka kufuata daftari, narudi namwangalia alivovaa, kitenge kina makasuku. Nikamsomea alivoandikwa. Akacheka huku analia, mama naye akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Baada ya hapo wakaja wengi, wengine hela hata hawana, wanataka tu kujua yule kijana aliwaandikaje.

Nilipochumbiwa 2022 nilimwambia mwenzangu tukapime damu kwanza kabla ya kitu chochote. Mi nimebeba, yeye hajabeba, kwahiyo watoto wetu wanaweza kubeba kama mi ila kuumwa kama dogo hapana. Nililia pale pale kwenye benchi, mtu niliyetaka kumpigia simu nimwambie ni dogo.

Mama sa hivi ana daftari jingine, lile ninalo mi. Wamebaki wawili tu hawajafutwa, bibi mwenye haraka na “kaka wa raba nyeupe, 1,000.” Kila nikienda Mwanza jioni nakaa na mama pale mezani, naangalia miguu ya wanaopita.