Mashairi ya Kezilahabi ni guni au siyo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha sekondari huku Nachingwea. Niliwaambia wanafunzi mashairi ya Euphrase Kezilahabi ni guni kwa sababu hayana vina, mwenzangu wa ofisini akanijia juu eti namtukana marehemu. Hivi guni ni tusi? Na Kichomi, jina la kitabu chake cha mashairi, maana yake nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tusi siyo, ila sifa pia siyo. Guni ni shairi lililopwaya, yaani mtunzi kashika njia ya vina (silabi zinazofanana) na mizani (hesabu ya silabi) halafu kateleza. Ngoja nikutungie la hapa hapa Mtwara:

Korosho imeshapanda, bei yake kwa mnada,
Ghalani nami nikenda, nikarudi bila pesa.

Hesabu mizani, nane nane, safi kabisa. Ila kina cha mwisho nimeahidi -da halafu nikaleta -sa, na hiyo ndo guni, mzee yeyote wa mashairi pale Mikindani akilisikia anakwambia kaa chini. Ningesema "nikarudi bila shida" lingekaa sawa, japo ningekuwa nimedanganya maana shida ndo nimerudi nayo. Na ukitaka kujua kwa nini watu waliamua kuviacha vina, anzia hapo.

Sasa Kezilahabi hakuteleza, njia hiyo hakuishika toka mwanzo. Anayevuka kwenda Msangamkuu kwa mtumbwi huwezi kumwambia kakosa pantoni. Kumbuka mshairi Amri Abedi alishatoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi 1954, mizani 16 kila mstari watu wanaiona kama amri, halafu 1974 anatokea kijana wa Namagondo, Ukerewe, miaka 30 tu, na Kichomi chake kwa lugha ile ile tunayoongelea sokoni na nyumbani. Wakongwe waliwaka! Neno guni likawa rungu la kumpigia. Kwa hiyo mwenzako hajakosea sana kusikia kejeli ndani yake, ingawa na wewe una pa kushika, kamusi zinasema guni ni shairi lisilo na urari wa vina au mizani, basi, hazisemi mtunzi alikusudia au la. Mimi naona kukusudia ndo kila kitu.

Na mwenyewe hakurudi nyuma. Akatoa vitabu vingine vya mashairi, Karibu Ndani 1988, Dhifa 2008 (dhifa ni karamu, wengi hawalijui hili neno), katikati kafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Botswana, mpaka alipofariki Januari 2020.

Kichomi ni yale maumivu ya mbavuni yanayokuchoma ukivuta pumzi, kutoka choma. Bibi yako angekukanda maji ya moto. Siyo mshikaki jamani, nishaulizwa hilo! Kwa mshairi jina limekaa vizuri mno, maumivu hayaonekani ila kila ukipumua yapo.

Darasani waambie waite shairi huru, wapo pia wanaosema mavue au masivina. Na msiseme "mashairi ya guni", ni mashairi guni, hiyo "ya" ya nini. Ila mwanafunzi akiandika guni kwenye mtihani usimkate maksi zote, muulize kwanza mstari gani ndo umeteleza.